Mwaka wa Kipaimara Kigangoni Kwetu: Kazi ya Kabla Baba Askofu Hajafika

Ninayaandika haya kwa ajili ya walei wenzangu watakaopangiwa kipaimara mwaka ujao, na hasa wale watakaochaguliwa kuwa makatibu au wajumbe wa kamati bila kuwahi kuishika kazi hiyo. Mimi nilichaguliwa mwezi Januari katika kikao cha halmashauri ya walei ya kigango, yaani sehemu ya parokia yenye kanisa lake dogo, muda mfupi baada ya jimbo kutoa ratiba ya Baba Askofu, na sisi tulikuwa tumepangiwa Jumamosi moja ya mwezi Agosti. Tuko pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, mahali palipokuwa na mikorosho na mashamba ya mihogo si zamani sana, na ambapo leo pana nyumba zilizosongamana za watu waliotoka kila upande wa nchi. Miaka yote ya nyuma watoto wetu walikuwa wakipelekwa parokiani kuungana na wenzao wa vigango vingine. Safari hii Baba Askofu angekuja kwetu kwa mara ya kwanza, na furaha ya waamini ilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuna aliyeuliza tunaanzia wapi.

Kikao cha kwanza cha kamati kilitumia karibu muda wote kuzungumzia maturubai, chakula, sare za kwaya na zawadi ya Baba Askofu. Mambo hayo yana nafasi yake, na mgeni wa namna hiyo hapokelewi mikono mitupu. Lakini Baba Paroko alipouliza kabla ya sala ya kufunga, "Watoto ni wangapi, na ni wa akina nani?", katekista alitoa idadi moja, mlezi wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto, akatoa nyingine, na mwenyekiti wa halmashauri akataja ya tatu. Kama kuna jambo moja ningependa msomaji alichukue mapema, ni kwamba shughuli yoyote ya parokia husimama pale ambapo jumuiya ndogo ndogo, yaani vikundi vya familia jirani zinazosali pamoja, zinawajua watu wao nyumba kwa nyumba, na hulegea pale ambapo kamati inategemea tangazo la mwisho wa Misa.

Katekista alinikabidhi madaftari mawili ya mahudhurio ya mafundisho. Ndani yake mlikuwa na majina zaidi ya mia moja, mengi yakiwa ya kuitana tu: jina moja na jina la baba, mengine bila jina la baba, na wawili walioandikwa kwa majina ya nyumbani ambayo hata wao wenyewe hawakuwa na uhakika kama ndiyo waliyobatizwa nayo. Baba Paroko alitaka kwa kila mtoto tupate jina kamili kama lilivyo kwenye cheti cha ubatizo, tarehe ya ubatizo, parokia alikobatizwa, namba ya LB (namba yake katika kitabu cha ubatizo), tarehe ya komunyo ya kwanza, majina ya wazazi na jina la msimamizi. Baadhi ya wajumbe waliona huo ni usumbufu wa karani. Baba Paroko alitueleza kwa subira kwamba kitabu cha ubatizo ndicho kitabu mama cha maisha ya Mkristo: kipaimara huandikwa humo, ndoa huandikwa humo, na vivyo hivyo daraja takatifu na nadhiri za daima. Parokia inayotoa kipaimara ina wajibu wa kuipa taarifa parokia alikobatizwa mtoto ili habari hiyo iingizwe mbele ya jina lake. Mtoto ambaye taarifa zake hazikuandikwa vizuri leo ndiye atakayehangaika miaka 15 ijayo, siku anayotaka kufunga ndoa akiwa Mwanza au Mbeya, wakati katekista aliyemfundisha ameshafariki.

Tulianza kwa njia ambayo kila mtu huianza. Tangazo lilisomwa kwenye Misa zote za Jumapili kwamba wazazi walete nakala za vyeti, na likarudiwa Jumapili mbili zilizofuata. Vyeti vilivyoletwa havikufika hata robo ya majina yaliyokuwa daftarini. Baadhi ya wajumbe wakaanza kuwalaumu wazazi kwa uzembe, na mmoja akapendekeza kwamba ambaye hatakuwa ameleta cheti hadi Jumatano ya Majivu aondolewe kwenye orodha. Nashukuru pendekezo hilo halikupita, kwa sababu tulipokwenda majumbani tulikuta hali nyingine kabisa. Kuna watoto wanaolelewa na shangazi au mama mdogo ambaye hajui mtoto alibatizwa wapi. Kuna akina mama wanaouza chakula tangu alfajiri, ambao Misa yao ni ile ya jioni parokiani, mahali ambapo tangazo la kigango halisomwi. Kuna wazazi ambao hawajafunga ndoa ya kanisani na waliamini kwamba wakijitokeza ofisini wataulizwa habari zao kwanza, kwa hiyo wakanyamaza wakitumaini mtoto atapita. Na kuna ambao cheti hawanacho, na wanaona aibu kusema.

Kilichotukwamua ni jumuiya. Baba Paroko aliwaita viongozi wa jumuiya zote za kigango, akawakumbusha kwamba maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana katika AMECEA, umoja wa mabaraza yao, mwaka 1973, na tena mwaka 1976, waliziweka jumuiya ndogo ndogo kuwa njia ya kulijenga Kanisa mahalia, na kwamba hapa kwetu njia hiyo ndiyo iliyokuwa inatakiwa kuonekana. Tuligawa majina ya watoto kulingana na mahali wanapoishi. Kila katibu wa jumuiya alipewa karatasi yenye majina ya watoto wa eneo lake na nafasi ya kujaza taarifa zinazopungua, akaenda nayo kwenye sala ya Jumamosi asubuhi. Baada ya somo na kushirikishana Neno, matangazo yalipofika, karatasi ikapita mkono kwa mkono. Watu wakaanza kuambiana: huyu ni mjukuu wa fulani, wamehamia kule bondeni, huyu mama yake amesafiri, lakini baba mdogo wake yupo, huyu si Mkatoliki bado, ila anapenda kuja na rafiki zake. Kwa majuma machache tulipata zaidi ya tulichokipata kwa Jumapili zote tatu za matangazo. Ninawashauri sana wenzangu waanze hapo, na tangazo la altareni liwe la kukumbusha tu.

Katika nyumba moja niliyokwenda na katibu wa jumuiya yao, mama wa mtoto alituletea mfuko wa plastiki uliofungwa kwa kamba ya katani. Ndani yake mlikuwa na kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, picha mbili zilizogandana na kadi ya ubatizo ambayo maji ya mafuriko yalikuwa yameifikia. Muhuri wa parokia ulikuwa umeenea kama wingu la zambarau, na wino wa jina umefifia. Tuliigeuza mbele ya mlango penye mwanga, tukasoma mwaka, kisha neno "Mbinga", na tarakimu tatu za mwisho za namba ya LB. Tarakimu hizo zilitosha. Kwa msaada wa ofisi ya parokia yetu barua iliandikwa, ikapigwa muhuri, picha yake ikatumwa kwa simu kwa ndugu wa mama huyo aliyeko huko, naye akaipeleka ofisini kwa mkono wake. Cheti kipya kilifika kwa basi.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba vitabu vya ubatizo hufuata mfuatano wa siku ambazo watu walibatizwa. Anayekwenda Kilema, Peramiho au Bukoba akiwa na jina peke yake anampa katibu wa parokia kazi ya kupekua kurasa nyingi, lakini mwenye mwaka, na ikiwezekana sikukuu iliyokuwa karibu, anajibiwa upesi. Wazazi wengi hukumbuka kwamba ilikuwa mkesha wa Pasaka au Dominika baada ya Krismasi hata kama tarehe wameisahau. Waulizeni hivyo. Tena msitume barua ya jumuiya au ya mtu binafsi. Ofisi ya parokia inataka barua ya parokia, yenye muhuri na saini. Nauli ya ndugu, gharama ya kutuma kifurushi na sadaka ndogo kwa ofisi iliyopekua vitabu ni gharama halali, na zinapaswa kuwamo kwenye bajeti tangu mwanzo. Sisi hatukuziweka, tukalazimika kuomba wenye moyo wachangie kila ombi lilipokuja.

Walikuwapo watoto ambao hali zao zilihitaji Baba Paroko mwenyewe. Mmoja alikuwa amebatizwa na muuguzi katika hatari ya kufa siku aliyozaliwa, na hakuna aliyekwenda kuandikisha. Tulijifunza kwamba katika hatari ya kufa mtu yeyote anaweza kubatiza ikiwa ana nia ya Kanisa, anatumia maji na anatamka maneno yanayotakiwa, na kwamba ubatizo huo haurudiwi. Kinachofuata ni kuuthibitisha na kuuandika. Pale ambapo haki ya mtu mwingine haiguswi, Sheria za Kanisa zinakubali hata tamko la shahidi mmoja anayeaminika, na shangazi wa mtoto huyo, aliyekuwapo wodini, ndiye aliyekuja kutoa ushuhuda. Wengine wawili walikuwa wamebatizwa katika Kanisa la Kilutheri kabla wazazi wao hawajahamia kwetu. Baadhi ya wanajumuiya walitaka wabatizwe upya, na maneno yakawa makali kidogo. Baba Paroko akaeleza kwamba ubatizo wa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu katika Kanisa hilo unatambuliwa, na kwamba watoto hao watapokelewa katika ushirika kamili bila kubatizwa tena. Niliona nyuso za wazazi wao wakati anayasema hayo. Walikuwa wamekaa benchi la nyuma, tayari kuondoka.

Sasa nizungumzie fedha, kwa sababu hapo ndipo tulipoumizana. Kamati iligawanya bajeti yote ya sherehe kwa idadi ya watoto, na kikao kikapitisha kwamba kila mtoto alipiwe shilingi 50,000 kabla ya mwisho wa mwezi Mei. Hesabu ilionekana nyepesi, na wengi wetu tuliinua mikono. Ndani ya kiasi hicho mlikuwamo chakula, maturubai, viti, vipaza sauti, jenereta ya akiba, mapambo, zawadi na cheti. Hakuna aliyesema kwamba asiyelipa hatapata kipaimara. Lakini mweka hazina alipoanza kusoma majina ya waliolipa mbele ya watoto kwenye mafundisho, kwa nia ya kuwahimiza wengine, watoto wenyewe walielewa hivyo.

Mwezi Mei, wakati wa Rozari ya jioni, mwenyekiti wa jumuiya moja aligundua kwamba mtoto mmoja aliyekuwa hakosi mafundisho haonekani tena. Anaishi na bibi yake, ambaye huchoma na kuuza mihogo kando ya barabara. Mwenyekiti alikwenda pale jioni, akanunua mihogo, akakaa kwenye gogo. Bibi alimwambia, "Mwanangu, huyu nimemwambia asubiri mwaka mwingine, nikijaliwa nitakuwa nimejikusanya." Mtoto alikuwa ameyahifadhi mapaji yote saba ya Roho Mtakatifu kwa mpangilio wake, kuanzia hekima hadi uchaji wa Mungu, na alikuwa akiwafundisha wadogo zake. Mwenyekiti alituletea habari hiyo kikaoni bila kupandisha sauti. Kukawa na ukimya mrefu, kisha baadhi ya wajumbe walilia.

Baba Paroko alitusomea kanuni ya 848 ya Sheria za Kanisa, inayomkataza mhudumu wa sakramenti kudai chochote zaidi ya sadaka iliyowekwa na mamlaka husika, na kumtaka aangalie kila mara kwamba wahitaji hawakosi msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Halafu akatuambia tuigawe bajeti mafungu mawili: kinachohitajika kwa ajili ya sakramenti, na kinachohitajika kwa ajili ya sherehe. Fungu la kwanza lilibaki karibu tupu. Mafuta ya Krisma hubarikiwa na Baba Askofu katika Misa ya Krisma wakati wa Juma Kuu na hayauzwi. Hostia na divai zipo kila Jumapili. Vyeti ni karatasi na wino. Kila kitu kingine kilikuwa furaha yetu sisi kigango kizima, na furaha hiyo haikuwa haki kuwabebesha watoto na walezi wao peke yao.

Tukaurudisha mzigo kwa jumuiya. Kila jumuiya ilikaa na kuamua italeta nini, kwa vitu au kwa fedha, kulingana na uwezo wake. Jumuiya yenye wafanyabiashara wa sokoni ilileta mchele na mafuta ya kupikia. Nyingine ilileta kuku na mkaa. Jumuiya changa iliyokuwa na familia chache iliomba kufanya usafi wa eneo lote na kuosha vyombo, na ikafanya kazi hiyo kwa uaminifu mkubwa. Wazazi waliokuwa wamelipa wengi hawakutaka kurudishiwa. Walioomba walirudishiwa bila maneno, na ninalisisitiza hilo, kwa sababu mjumbe mmoja alitaka warudishiwe nusu. Usomaji wa majina ya waliolipa ulikoma siku ile ile. Mjukuu wa bibi yule alifuatwa na katekista mwenyewe, akarudi darasani Jumamosi iliyofuata.

Sare nazo zilitaka uamuzi mapema. Wazazi wenye uwezo walikuwa wameshaanza kuagiza magauni na suti, na watoto walikuwa wameshaanza kulinganishana. Tulikubaliana kuwa shati au blauzi nyeupe na sketi au suruali nyeusi, nguo ambazo nyumba nyingi tayari zinazo kwa ajili ya shule, na WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wakachukua jukumu la kuwatafutia waliopungukiwa bila kutangaza ni akina nani. Kwa ujumla akina mama wa WAWATA ndio walioshika uti wa mgongo wa kazi yote ya siku ile. Baadhi yao walikuwa wameandaa msafara wa kigango mwaka 2022, umoja huo ulipoadhimisha jijini Dar es Salaam miaka 50 tangu kuanzishwa kwake mwaka 1972, kwa hiyo mambo ya maji ya kunywa, vyoo, huduma ya kwanza na mahali pa wazee kukaa waliyapanga kabla kamati haijayafikiria. Kamati ikiwa na akina mama wa namna hiyo, iwape nafasi ya kuamua, si ya kupika tu.

Suala la wasimamizi tulilichelewesha hadi Julai, na lilituletea taabu. Sheria iko wazi: msimamizi awe ametimiza umri wa miaka 16, awe Mkatoliki aliyekwisha kupokea kipaimara na Ekaristi Takatifu, anaishi maisha yanayolingana na imani na wajibu anaoupokea, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Kanisa linapendekeza kwamba, ikiwezekana, msimamizi wa ubatizo ndiye awe wa kipaimara. Wazazi wengi walikuwa wamekwisha kuwaomba wajomba wenye nafasi ambao hawaonekani kanisani, au dada wa mtoto aliye kidato cha pili. Kumkatalia mtu aliyekwisha kuombwa ni jambo zito, linagusa heshima ya familia. Karatasi ya masharti ikigawiwa mwezi Februari pamoja na ile ya vyeti, hayo yote yanaepukika. Sisi tuliwaita wasimamizi kwa semina ya asubuhi moja, na baadhi yao walikiri kwamba hawakujua kama kazi yao inaendelea baada ya picha kupigwa.

Mafungo na maungamo vilevile vinahitaji kupangwa mapema kuliko watu wanavyodhani. Padre mmoja hawezi kuwaungamisha watoto zaidi ya mia moja, wazazi na wasimamizi kwa siku moja na kila mmoja akapata nafasi ya kusikilizwa. Baba Paroko aliomba mapadre wa parokia jirani katika dekania, nao walikubali kwa sababu ombi lilifika mwezi mmoja na zaidi kabla ya siku yenyewe. Wapangieni siku ya katikati ya juma, si mkesha wa sherehe, kwa maana mkesha kila mtu anahangaika na masufuria.

Siku yenyewe nitaieleza kwa ufupi, kwa kuwa ilikuwa siku ya neema na mambo yake mengi yalikwenda kama yalivyopangwa. Watoto walikaa kijumuiya, kila mmoja ameshika kadi yenye jina lake lililoandikwa kwa herufi kubwa, na viongozi wa jumuiya wakawa pembeni ya safu zao. Mpangilio huo ulisaidia sana, maana kiongozi alijua kwa kutazama tu kwamba fulani hayupo na nyumbani kwao ni wapi. Mtoto mmoja aliyekuwa amelala kwa homa alifuatwa na pikipiki akafika wakati wa homilia. Wakati wa mpako msimamizi alisimama nyuma ya mtoto na kuweka mkono wa kuume begani kwake. Tulikuwa tumeamua wapiga picha wawe wawili tu, wakae upande mmoja, na hilo liliwakwaza baadhi ya wazazi, lakini lililinda utulivu wa ibada. Kwaya iliombwa kuchagua nyimbo ambazo kanisa lote linazijua, na watu waliimba hadi sauti ya kinanda ikafunikwa. Vipaza sauti vilikatika wakati wa sala za waamini, jenereta ikachelewa kuwaka, na msomaji akaendelea kwa sauti yake mwenyewe. Jaribuni jenereta asubuhi ya siku hiyo hiyo, na mtu mmoja akae nayo.

Bibi yule wa mihogo alikuwa miongoni mwa wazee waliopewa viti vya mbele. Mjukuu wake alipotoka kupakwa Krisma alimpita bila kugeuka, kama walivyofundishwa, na bibi akafanya ishara ya msalaba. Nilikuwa na orodha mkononi ya kuweka alama kwa kila jina, na kwa muda kidogo nilishindwa kuandika.

Jumapili iliyofuata mweka hazina alisoma mapato na matumizi yote, kitu kwa kitu, pamoja na kiasi kilichozidi, kisha karatasi ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Matumizi makubwa kuliko yote yalikuwa maturubai na viti, na mzee mmoja akauliza kwa nini kigango kisinunue vyake kidogo kidogo. Swali hilo limeingia kwenye ajenda ya mwaka ujao. Kilichozidi kiliwekwa kwenye mfuko wa katekesi, kwa uamuzi wa waamini wenyewe. Kazi ya maandishi ilichukua muda zaidi: kuingiza majina katika kitabu cha kipaimara, kuandika vyeti, na kutuma taarifa kwa kila parokia walikobatizwa watoto. Kamati nyingi huvunjwa siku ya sherehe, na kazi hiyo humwangukia katekista peke yake. Ombeni kamati iendelee hadi taarifa ya mwisho itakapotumwa.

Jambo linalonishughulisha kuliko yote sasa ni watoto wenyewe. Kila mahali nilipoulizia niliambiwa kwamba baada ya kipaimara watoto hupotea, kwa sababu mafundisho yamekwisha na hakuna anayewangoja Jumamosi. Tumekubaliana kwamba kila jumuiya iwapokee watoto wake kwa majina, kwa kuwa karatasi zile zile za mwezi Februari bado zipo. Tangu Septemba wanasoma masomo kwenye sala za jumuiya kwa zamu. Mwezi Oktoba, Rozari inapozunguka nyumba kwa nyumba, wao ndio watakaobeba sanamu ya Bikira Maria na kuongoza fumbo moja kila jioni. Dominika ya mavuno watapeleka matoleo pamoja na wazazi wao, na Novemba 2, siku ya kuwaombea marehemu wote, watakwenda na VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, kusafisha makaburi kabla ya Misa. Wenye umri wa sekondari wameandikwa TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki. Si wote wanaokuja. Lakini asipokuja, kuna mtu anayejua jina lake na mlango wa kwao, na anakwenda kubisha hodi.

Darasa jipya la mafundisho litaanza Januari, na safari hii uandikishaji unafanyika kwenye jumuiya. Mzazi au mlezi anaombwa aje na cheti cha ubatizo cha mtoto, au mwaka wa ubatizo na jina la parokia ikiwa cheti hakipo. Asiye na vyote viwili aje pia, tutaanza kutafuta naye. Karatasi ya masharti ya msimamizi itatolewa siku hiyo hiyo, na hakuna fedha inayodaiwa.